Kitabu Kionekane, Msomaji Asionekane

Kila maktaba ya chuo iliyoweka katalogi yake mtandaoni hufikia siku mtu akauliza: mbona hatuna programu ya simu? Swali linaonekana jepesi. Vitabu vimekwisha kuorodheshwa, seva iko hewani, wanafunzi karibu wote wana simu mkononi. Kilichobaki ni kuunganisha tu. Na ugomvi huanzia hapo hapo: programu ipitie wapi, iulize nini, na nani aamue ijibiwe nini.

Ili mabishano yasielee hewani, tuchukue mfumo unaotumika kweli. Koha ilitengenezwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ambazo mfumo wao wa zamani ulikuwa unatishiwa na kuingia kwa mwaka 2000. Ikaanza kazi Januari 2000. Ni programu huria isiyotozwa ada ya leseni, na hiyo ni sababu mojawapo ya vyuo vingi vya Kenya, Uganda na Tanzania kuichagua. Wazungumzaji wafuatao ni wa kubuni, lakini aliyewahi kufanya kazi maktaba atawatambua: Msomaji, mwanafunzi wa mwaka wa pili; Mwanaprogramu, kijana aliyejitolea kuitengeneza programu; Fundi wa seva, anayeamshwa usiku mfumo ukilala; na Mkutubi, ambaye wote wanamwita Mama. Mwenyekiti ni mimi.

MWENYEKITI: Tuanze na mwenye haja. Binti, programu ya simu itakusaidia nini ambacho kompyuta za pale ukumbini hazikusaidii?

MSOMAJI: Mimi nakaa mbali na chuo. Napanda daladala mbili kuja na mbili kurudi. Kabla sijatoka nyumbani nataka kujua jambo moja: kitabu alichotutajia mwalimu kipo, au kimeazimwa? La pili, nikumbushwe kabla siku ya kurudisha haijapita, maana faini inakua nikiwa nimelala. La tatu, kama hakuna mwingine anayekisubiri kitabu nilicho nacho, niongeze muda hapo hapo nilipo. Nisifunge safari kwa ajili ya kupigiwa mhuri.

FUNDI: Yote hayo yapo, dada. Fungua kivinjari cha simu yako, ingia kwenye katalogi. Tangu toleo la 3.14 la mwaka 2013, kurasa za Koha zinajipanga zenyewe kufuata upana wa kioo cha simu. Utatafuta, utaona kilipo, utaongeza muda. Tukijenga kitu kingine pembeni tutakuwa na viwili vya kutunza, na wa kuvitunza ni mmoja: mimi.

MSOMAJI: Yapo, kaka, sikatai. Lakini kila nikifungua ukurasa bando linakwenda: nembo ya chuo, picha za majalada, menyu ambazo sina haja nazo. Mtandao ukiyumba ukurasa unabaki mweupe, na hata tarehe ya kurudisha niliyoiona jana siioni tena. Programu ingeitunza ndani ya simu.

MWANAPROGRAMU: Hapo ndipo penye tofauti. Ukurasa wa matokeo pamoja na mapambo yake unaweza kufika mamia ya kilobaiti. Data tupu, yaani jina la kitabu, mwandishi, namba ya rafu na hali ya nakala, ni kilobaiti chache. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hilo si jambo dogo. Nipeni njia ya kuisoma hifadhidata, hayo mengine niachieni.

FUNDI: Mwenyekiti, naomba maneno hayo yaandikwe. "Njia ya kuisoma hifadhidata." Unataka nikupe nenosiri la MariaDB?

MWANAPROGRAMU: La kusoma tu, kaka. Majedwali ninayohitaji nayajua: la vitabu, la nakala, la vilivyoazimwa.

FUNDI: Na la wasomaji utalifumbia macho? Lina majina, namba za simu, anwani, tarehe za kuzaliwa. Jedwali la vilivyoazimwa linasema nani ana kitabu gani leo, na lipo jingine linalosema nani aliwahi kuwa na kipi. Ufunguo huo ukiuweka ndani ya programu ya simu, umeugawa kwa kila atakayeipakua. Faili la programu ya Android hufunguliwa kwa zana za bure, kilichofichwa ndani kikasomwa. Isitoshe, muundo wa majedwali hubadilika kutoka toleo hadi toleo. Utajenga leo, kesho useme Koha imeharibika.

MWANAPROGRAMU: Haya, hifadhidata isiguswe. Basi nitasoma kurasa zenyewe. Programu itafungua ukurasa wa katalogi kimyakimya, itauchambua, itanyofoa jina la kitabu na mwandishi, na kumwonyesha msomaji hayo tu. Hapo siombi ruhusa ya mtu.

MKUTUBI: Mwanangu, hiyo itadumu mpaka Mei.

MWANAPROGRAMU: Kwa nini Mei, Mama?

MKUTUBI: Kwa sababu Koha hutoa toleo kubwa mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Tangu 2016 hata namba ya toleo ni mwaka na mwezi, 16.05, 16.11, na kuendelea. Wakihamisha kisanduku kimoja tu katika ukurasa, programu yako itaanza kuonyesha namba ya rafu mahali pa jina la mwandishi. Na wanafunzi hawatakutafuta wewe. Watakuja kaunta kunigombeza mimi.

FUNDI: Na mimi nitakufungia bila kujua kama ni wewe. Seva hii inaandamwa na roboti zinazovuna kurasa usiku na mchana, na kila utafutaji unaipa mashine kazi. Programu inayojifanya kivinjari itaonekana kama roboti nyingine tu.

MWENYEKITI: Njia mbili za mkato zimefungwa. Sasa tuambieni zilizo rasmi.

FUNDI: Zipo kadhaa, na kila moja ina umri wake na tabia yake. Kongwe ni Z39.50, itifaki ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1988, kabla ya wavuti wenyewe. Mama anaitumia kila anapochota rekodi iliyokwisha kuandaliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, asianze kuandika upya. Tatizo lake kwa simu ni kwamba inafungua mazungumzo na kuyashikilia mpaka mwisho, na simu iliyo ndani ya daladala hupoteza mtandao katikati ya sentensi. Mdogo wake ni SRU. Hiyo hubeba swali ndani ya anwani ya kawaida ya wavuti, hujibu kwa XML, kisha kila mtu anakwenda zake. Kwa kutafuta vitabu inafaa sana. Lakini zote mbili ni za kuuliza habari za vitabu. Habari za msomaji na deni lake hazimo.

MWENYEKITI: Ipi inayomjua msomaji?

FUNDI: SIP2 inamjua, tena kupita kiasi. Asili yake ni kampuni ya 3M, miaka ya 1990, kwa ajili ya zile mashine ambazo msomaji anajiazimia mwenyewe. Ujumbe wake namba 63 huomba taarifa za msomaji: baada ya herufi AA inafuata namba ya kadi, baada ya AD nenosiri, vyote kwa maandishi ya wazi. Ilitungiwa mashine iliyo ndani ya jengo, juu ya waya wetu wenyewe. Kuitoa nje ya jengo bila kuifunika kwa usimbaji ni kutangaza nywila za watu barabarani.

MWANAPROGRAMU: Mimi sikuwa na mpango wa SIP2. Nilikuwa natazama ILS-DI, iliyotokana na mapendekezo ya Digital Library Federation ya mwaka 2008 na imo ndani ya Koha tayari. Unaita anwani moja, unataja huduma unayoitaka. GetAvailability inakwambia nakala ipo au haipo. RenewLoan inaongeza muda. HoldTitle inakuwekea nafasi. Mambo karibu yote aliyotaja dada yamo. Nimeweka Koha ya majaribio kwenye kompyuta yangu, na programu inafanya kazi.

FUNDI: Msomaji anaingiaje?

MWANAPROGRAMU: Kwa AuthenticatePatron. Natuma jina na nenosiri, narudishiwa namba ya msomaji.

FUNDI: Unavituma wapi?

MWANAPROGRAMU: Kama mwongozo unavyoonyesha. Ndani ya anwani, baada ya alama ya kuuliza.

FUNDI: Sasa fikiri. HTTPS itavificha njiani, sawa. Vikifika, seva ya wavuti huandika kila anwani iliyoombwa katika faili la kumbukumbu, ndiyo desturi yake. Kwa hiyo nenosiri la kila mwanafunzi litakaa katika faili langu, limeandikwa wazi, pamoja na saa aliyoingia. Mimi sitaki kuyajua, na anayekuja baada yangu huenda akataka.

MWANAPROGRAMU: Naweza kulituma ndani ya mwili wa ombi, lisiandikwe.

FUNDI: Vizuri. Umeziba tundu moja. Sasa umeshapewa namba ya msomaji, tuseme 412. Unaita GetPatronInfo kwa namba 412, unaona anachoazima na anachodaiwa. Ukiita kwa 413?

MWANAPROGRAMU: Nitamwona wa 413.

FUNDI: Bila nenosiri lake. Namba hizo Koha inazitoa kwa mfuatano, kwa hiyo mtu mwenye subira ataanza na 1 na kuwamaliza wote. Na RenewLoan ni vivyo hivyo, inataka namba ya msomaji na namba ya nakala, basi.

MWANAPROGRAMU: Kumbe walioitunga hawakuliona hilo?

FUNDI: Waliliona. Waliitunga kwa ajili ya seva mbili zinazoaminiana, si kwa simu ya mtu asiyejulikana. Ndiyo maana Koha ina mpangilio unaoorodhesha anwani za mashine zilizoruhusiwa kuuliza. Simu haina anwani ya kudumu. Ukitaka simu zote ziruhusiwe, unaiacha orodha tupu, na umeruhusu dunia nzima.

MWANAPROGRAMU: Basi ibaki REST, njia mpya ya kuiuliza Koha. Anwani safi, majibu ya JSON, tokeni za OAuth2, yaani vibali vinavyoisha muda wake.

FUNDI: Ndiyo bora kuliko zote, nakubali. Lakini tokeni hizo zinaombwa kwa jozi ya utambulisho na siri, na jozi hiyo imefungwa kwenye akaunti yenye mamlaka ndani ya maktaba. Ukiitia siri hiyo ndani ya programu, tumerudi tulikoanzia: kila aliyepakua ana ufunguo wa mfanyakazi.

MKUTUBI: Naomba niwakatishe, wanangu. Mmebishana muda mrefu kuhusu njia. Hamjauliza ni kitu gani kitapita humo.

MWENYEKITI: Karibu, Mama.

MKUTUBI: Rekodi zetu ziko katika MARC, mpango ulioasisiwa na Henriette Avram na wenzake pale Maktaba ya Bunge la Marekani katikati ya miaka ya 1960, kompyuta zilipokuwa na ukubwa wa chumba. Jina la kitabu linakaa katika uga wa 245. Hebu, kijana, onyesha jinsi programu yako inavyomwonyesha msomaji *Kusadikika*.

MWANAPROGRAMU: Inaandika "Kusadikika /". Ile alama ya mkwaju mwishoni ilinishangaza. Nilidhani ni kosa la kuchapa.

MKUTUBI: Si kosa. Ni alama ya kikutubi: baada ya mkwaju linafuata jina la mwandishi. Katika kadi ya karatasi ilikaa mahali pake. Katika simu inaning'inia. Hilo utalisafisha kwa mstari mmoja wa msimbo. Sasa tafuta vitabu vyote vya Shaaban Robert.

MWANAPROGRAMU: Vimekuja vichache kuliko nilivyotarajia.

MKUTUBI: Kwa sababu nusu ya rekodi zetu zimeandikwa "Robert, Shaaban" na nusu nyingine "Shaaban Robert", kila mkutubi na alivyofundishwa, na orodha ya majina yaliyoidhinishwa hatukuifuata. Mzoefu wa katalogi anajua kujaribu mara mbili. Mwenye simu hatajaribu. Ataona vilivyokuja, atasema maktaba haina.

MSOMAJI: Kweli, Mama. Mimi nilitafuta kitabu cha ufugaji wa ng'ombe kwa simu, nikaambiwa hakuna. Nilipokuja kwenye kompyuta ya ukumbini kikatokea.

MWANAPROGRAMU: Hiyo ni ile alama ya kwenye ng'. Kibodi za simu nyingine huweka alama iliyopinda, na rekodi ina iliyonyooka. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Programu lazima ibadilishe kabla ya kuuliza, na faharasa ya seva ipangwe isilikate neno vipande viwili. Walioandika mifumo hii hawakuwa na ng' vichwani mwao, kwa hiyo kazi hiyo ni yetu.

MKUTUBI: Na kubwa kuliko hayo ni neno "kipo". Katika Koha kila nakala ina uga wa 952, na ndani yake vijisehemu: kimoja kinasema imepotea, kimoja imeharibika, kimoja imeondolewa, kimoja haiazimwi bali inasomewa humu ndani. Nakala isiyoazimwa na isiyowekewa alama yoyote, mfumo unasema ipo. Lakini kama haijaonekana rafuni tangu mtu aibebe kwenda kutoa fotokopi, hakuna aliyeweka alama. Binti atasoma "kipo", atapanda daladala zake mbili, atafika atakuta pengo. Programu haitakuwa imesema uongo. Sisi ndio tutakuwa tumesema.

FUNDI: Kwa hiyo Mama unapinga programu?

MKUTUBI: Sipingi. Nasema programu ni kioo. Itaonyesha kazi yetu ya miaka yote kwa watu ambao hawajawahi kuiona. Kabla ya kuizindua, tuhesabu rafu walau za vitabu vya masomo ya lazima, tusawazishe majina ya waandishi, ndipo tualike watu.

MWENYEKITI: Turudi kwenye usalama. Fundi anataka kufunga kila kitu, Mwanaprogramu anataka kufungua kila kitu. Mama, wewe uko wapi?

MKUTUBI: Siko katikati. Niko pande zote mbili, kwa vitu viwili tofauti. Tazama duka la dawa: dawa zimepangwa rafuni, kila anayeingia anaziona na kuuliza bei, lakini daftari la nani alinunua dawa gani halionyeshwi mteja mwingine. Katalogi ndiyo rafu. Sioni sababu ya mtu yeyote, awe mwanafunzi wetu au la, kuombwa jina na nenosiri ili ajue tuna kitabu gani. Rekodi ya msomaji ndiyo daftari. Kosa la mazungumzo haya tangu mwanzo ni kutaka mlango mmoja upitishe vyote viwili.

FUNDI: Hapo tunaelewana. Mlango wa vitabu niko tayari kuufungua kesho: utafutaji kwa SRU, na zile njia za REST ambazo Koha yenyewe imezitenga kuwa za umma. Nitaweka kikomo cha maombi kwa dakika ili roboti zisiimeze seva, basi.

MWANAPROGRAMU: Na mlango wa wasomaji?

FUNDI: Huo simu isiuguse moja kwa moja. Tutaweka seva ndogo katikati. Simu inaongea na hiyo, hiyo inaongea na Koha. Siri ya OAuth2 inakaa kwenye seva hiyo, haitoki. Msomaji akishajitambulisha, seva ya kati inajua yeye ni 412, na haitakubali kuuliza habari za 413 hata simu ikiomba. Inaruhusu mambo matatu tu: kuona alichoazima, kuongeza muda, kuweka nafasi. Namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa hazipiti kabisa, kwa kuwa hakuna aliyezihitaji.

MWANAPROGRAMU: Mnanibana. Mimi nilitaka kuweka kitu ambacho wanafunzi wangekipenda: "waliosoma hiki walisoma pia kile". Kwa hilo nahitaji historia ya kuazima ya watu wote.

MKUTUBI: Hiyo sikupi, mwanangu, na nitakwambia kwa nini. Mwaka 2005, huko Connecticut, Marekani, wapelelezi wa FBI waliwapelekea wakutubi barua ya kudai kumbukumbu za matumizi ya kompyuta za maktaba, na barua hiyo ikawakataza hata kusema kwamba wameipokea. Wakutubi wanne wakaenda mahakamani, na mwaka uliofuata wakaachiwa kusema. Fundisho nililochukua ni moja: kumbukumbu usiyokuwa nayo hakuna anayeweza kukudai. Msichana anayesoma kuhusu ugonjwa wake, kijana anayesoma kuhusu dini nyingine, mwalimu anayesoma kitabu ambacho mkuu wake hakipendi, wote wanaamini kaunta ile haina mdomo.

FUNDI: Na siku hizi si adabu ya kikutubi peke yake. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Uganda vile vile, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Zote zinataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisitumike kwa jingine. Mwanafunzi alipoazima kitabu hakukubali kuwa malighafi ya mapendekezo.

MSOMAJI: Samahani, Mama. Mnanilinda, nashukuru, lakini hamjaniuliza. Mimi nataka historia yangu. Nikiandika tasnifu nataka kukumbuka vitabu nilivyosoma mwaka wa kwanza. Mkivifuta kwa heshima yangu, mmenipotezea.

MKUTUBI: Umenena, binti yangu, na hapo sina pa kubisha. Koha yenyewe ina mpangilio unaomwachia msomaji achague: kumbukumbu yake itunzwe daima, itunzwe kwa muda uliowekwa na maktaba, au isitunzwe kabisa. Tatizo ni kwamba maktaba nyingi hazimwonyeshi msomaji chaguo hilo.

MWANAPROGRAMU: Basi hapo programu inaweza kufanya zaidi ya tovuti. Historia niitunze ndani ya simu yake. Kila anapoazima, simu inajiandikia. Seva ikifuta, yeye bado anayo, na akiifuta yeye, imefutika.

FUNDI: Akipoteza simu?

MSOMAJI: Nikipoteza simu nimepoteza na picha za harusi ya dada yangu. Hilo ni langu, si la chuo.

MWENYEKITI: Limebaki moja. Kijana, utahitimu lini?

MWANAPROGRAMU: Mwaka kesho, Mungu akipenda.

FUNDI: Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko itifaki zote. Programu itasajiliwa dukani kwa jina lake, msimbo uko kwenye kompyuta yake, na mwezi wa Novemba Koha inapanda toleo. Nitampata wapi?

MWANAPROGRAMU: Msimbo uwe wa maktaba, na akaunti ya dukani ifunguliwe kwa barua pepe ya maktaba tangu siku ya kwanza. Mimi niandike maelezo ambayo mwingine anaweza kuyafuata. Na kwa kuwa programu itaongea na seva ya kati, toleo jipya likivunja kitu utarekebisha pale pale kwako. Hutahitaji kusubiri wanafunzi wote wasasishe simu zao.

FUNDI: Hiyo hoja ya mwisho ungeanza nayo, tusingebishana nusu ya muda huu.

*

Mwenyekiti ana haki ya kusema neno lake baada ya kuwasikiliza wengine, na langu ni hili: Mkutubi ameshinda mjadala, lakini mpango wake una mfuatano ambao wenzake hawakuusikia. Kama vitabu na wasomaji ni vitu viwili tofauti, basi hakuna ulazima wa milango yao kufunguliwa siku moja. Toleo la kwanza la programu lisiwe na mahali pa kuingia kabisa. Litafute, lionyeshe kama nakala ipo na iko rafu gani, liielewe ng' kwa namna zote mbili, lifute mikwaju inayoning'inia. Halitaomba nenosiri la mtu, kwa hiyo halitakuwa na la kuibiwa.

Msomaji ataniuliza kuhusu mambo yake mengine mawili. Kukumbushwa hakuhitaji programu: Koha hutuma ilani ya kabla ya tarehe kwa barua pepe, na ikiunganishwa na huduma ya ujumbe mfupi hutuma kwa SMS hata kwenye simu ya kitochi, jambo ambalo programu haiwezi. Kuongeza muda kutabaki kwenye tovuti kwa sasa, pamoja na uzito wake wa bando. Huo ni usumbufu wa kweli, na siupuuzi. Lakini kuchelewa kuongeza muda kunamgharimu msomaji faini inayoweza kusamehewa kaunta, wakati orodha ya walichosoma wanafunzi wote ikishavuja hakuna kaunta ya kuirudisha.

Katika muda huo wa kusubiri, kazi ya Mkutubi ndiyo itangulie: rafu zihesabiwe na majina ya waandishi yasawazishwe. Wanaoomba fedha za miradi hupenda kuandika "programu ya simu" na si "kuhesabu rafu", kwa sababu ya kwanza ina uzinduzi na ya pili ina vumbi. Lakini Msomaji wetu hakuomba uzinduzi. Aliomba kujua, kabla hajapanda daladala, kama kitabu kipo, na jibu la kuaminika la swali hilo linatoka kwa mtu aliyekwenda kukiangalia rafuni. Mlango wa wasomaji ufunguliwe baadaye, kupitia seva ya kati, Fundi akiwa ameweka sahihi yake na Mkutubi yake, na mkuu wa chuo akiwa amesoma kwa macho yake orodha ya mambo matatu yanayoruhusiwa kupita. Akija mtu kuongeza la nne, atoe sababu yake mbele ya Msomaji.